EoE, koo linalokaba chakula: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu dawa na misosi

Mimi sio daktari, mimi ni mgonjwa. Nimekuwa nashushia chakula kwa maji tangu sekondari, jina la ugonjwa nimelijua nikiwa na miaka 31, na toka hapo kila mwenye ndugu anayekabwa na chakula ananitafuta. Maswali yanajirudia sana, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote. Dozi ya kwako akupangie daktari wako, usichukue ya kwangu.

EoE ndo nini hasa, kwa lugha ya kawaida?

Kirefu chake ni esofagitisi ya eosinofili. Umio, ule mrija unaoshusha chakula toka kooni mpaka tumboni, unakuwa umevimba kwa ndani kwa sababu umejaa chembe nyeupe za damu zinazoitwa eosinofili. Hizi chembe ni za mambo ya aleji na minyoo, tumboni na kwenye utumbo zipo kidogo kidogo na hazina shida, ila kwenye umio wenye afya hazitakiwi kuwepo kabisa. Sasa mwili unaichukulia protini ya chakula fulani, mara nyingi maziwa au ngano, kama adui, unatuma hizo chembe, zinakaa pale miaka, umio unafanya makovu, unakuwa mgumu na mwembamba na hapo ndo nyama inaanza kugoma kushuka. Hata kwa madaktari ni ugonjwa mgeni kidogo, ulianza kuelezwa kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 1993 na 1994 tu. Hauambukizi. Wanaume ndo wengi, kama watatu kwa mwanamke mmoja, na ukiwauliza utakuta wengi wana pumu, au mafua ya aleji, au pumu ya ngozi.

Nitajuaje kama ni EoE na sio vidonda vya tumbo?

Kwa dalili peke yake hutajua, na hapa ndo wengi tunapotea miaka. Mimi nilipewa dozi ya kuua bakteria wa vidonda vya tumbo mara mbili kwenye hospitali moja, nikapigwa na kamera, kinyama cha kupima maabara kikakatwa tumboni tu, umio haukuguswa kwa sababu "unaonekana sawa". Miaka miwili ikapita hivohivo.

Kipimo chenyewe ni endoskopi, ile kamera ya mpira inayopita mdomoni, na LAZIMA vikatwe vinyama kwenye umio, angalau sita, vingine juu vingine chini, kwa sababu hizi chembe hazijatapakaa sawasawa, ukikata sehemu moja unaweza kukosa. Maabara wanahesabu kwenye hadubini, zikifika 15 au zaidi kwenye eneo moja la lenzi kubwa na una dalili, na sababu nyingine zimeondolewa, hiyo ni EoE. Mimi ya kwangu ya kwanza ilikuwa 48. Wakati mwingine daktari anaona kwa macho kabisa, umio una pete pete kama koromeo la ng'ombe buchani, au mifereji ya kwenda chini, au vidoti vyeupe, lakini hata ukionekana laini mwambie akate. Sema kabla hujachomwa sindano ya usingizi, baada ya hapo huna sauti tena.

Na ujichunguze tabia za mezani, sisi tumejifunza kuuficha huu ugonjwa bila kujua. Unakuwa wa mwisho kumaliza kula? Kila tonge na maji? Nyama unaikata vipande vya mtoto? Ugali bila mchuzi mwingi hauupendi, vidonge vikubwa unavigawa? Mama mkwe wangu alikuwa ananisifia, "huyu kijana anakula kwa adabu", kumbe adabu yenyewe ni woga.

Nyama imenikaba SASA HIVI, nifanyeje?

Kama unapumua na kuongea basi imekwama kwenye umio, sio njia ya hewa. Kama hewa haipiti hiyo ni habari nyingine, apigwe mgongoni na kubanwa tumbo hapohapo. Ila kama ni umio, kaa wima, tulia, acha kula, usisukumie tonge la ugali juu yake. Najua kila bibi anasema sukumia na ugali au ndizi, usifanye, unaongeza foleni. Soda ya kola nayo watu wanaiamini sana, Waholanzi waliijaribu kwa wagonjwa wa kweli, wakachapisha 2023, haikuwa na tofauti na kusubiri tu.

Ukiona hata mate hayashuki, unatema tema kwenye leso, usisubiri asubuhi, nenda dharura wakatoe kwa kamera. Siku yangu mimi ilikuwa kwenye nyama choma, mshikaki mmoja tu, nimekaa chooni saa nne nzima natema mate kwenye kikombe cha plastiki huku nje wanaimba keki. Nilikuwa naona aibu kwenda hospitali kwa sababu ya mshikaki. Na ikishatolewa uombe vikatwe vinyama siku hiyohiyo, wengi wanatolewa nyama wanaambiwa "tafuna vizuri", wanarudi nyumbani.

Inaweza ikageuka kansa?

EoE haijaonekana kuleta kansa ya umio. LAKINI, na hii ndo sababu sitaki mtu ajipe jina la ugonjwa mwenyewe nyumbani, ukanda wetu wa Afrika Mashariki ni moja ya sehemu za dunia zenye kansa ya umio nyingi. Mtu ambaye chakula kilianza kukwama kigumu, kikaja kilaini, sasa hata uji unasumbua na kilo zinashuka, huyo haulizi habari za maziwa, huyo anatakiwa kamera wiki hii.

Nimepima damu eosinofili ziko juu, tayari nina EoE?

Hapana. Kwetu huku minyoo na kichocho tu vinatosha kuzipandisha, pumu pia. Na kuna wenye EoE damu yao iko kawaida kabisa.

Haya, matibabu yako mangapi?

Matatu: dawa, kubadili mlo, na kutanua umio pale uliposinyaa. Unaweza kuanza na dawa au na mlo, sio lazima vyote. Watu wanaulizia kipi bora kama vile ni mpira, mi nadhani bora ni kile utakachoweza kuendelea nacho mwaka wa tatu.

Omeprazoli si ya asidi, inaingiaje kwenye aleji?

Hata mi nilibisha. Kumbe hizi dawa, wenyewe hospitali wanaziita PPI, mbali na kuzima asidi zinapunguza pia zile ishara zinazoita eosinofili kwenye umio. Zinawasaidia kama watu wanne kati ya kumi, wengine wanasema karibu nusu, na kwa sababu ni rahisi na zipo kila duka la dawa ndo wengi wanaanzishiwa. Ila sio kidonge kimoja ukijisikia. Kwa mtu mzima kawaida ni mara mbili kwa siku, nusu saa hivi kabla ya kula, wiki 8 mpaka 12, halafu KAMERA TENA kuangalia kama imefanya kazi. Wengi tunameza baada ya kula afu tunasema dawa haifai.

Eti inhela ya pumu inamezwa?

Ndiyo, na usicheke. Ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, unataka ipake kwenye ukuta wa umio badala ya kwenda kwenye mapafu. Flutikasoni ya inhela unapuliza mdomoni bila lile chupa la kusaidia, unashika pumzi usivute, halafu unameza. Nyingine ni budesonidi ya maji ya nebulaiza (ile mashine ya kuvutia dawa kama mvuke), unaichanganya na kitu kizito ikae kama sharubati, wenzetu wanatumia sukari ya bandia ya unga, mimi natumia asali (mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali). Nilivyoanza nilikuwa nachanganya na maji, inashuka moja kwa moja tumboni kama chai, miezi mitatu nimemwaga hela. Iwe nzito, ishuke polepole kama mlenda.

Siri iko hapa: baada ya kumeza usile wala kunywa nusu saa mpaka saa nzima, sukutua mdomo utoe nje. Mimi naimeza usiku nikishamaliza kila kitu, nalala.

Nchi za nje kuna zilizotengenezwa rasmi kwa umio. Ulaya wana Jorveza toka 2018, kidonge kinachoyeyuka mdomoni, kwenye jaribio la wiki sita kiliwatuliza kama 58 kwa mia ya watu wazima, dalili na vinyama vyote, na waliopewa kidonge cha uongo kisicho na dawa hakuna hata mmoja. Marekani wana Eohilia iliyoruhusiwa Februari 2024, ya maji, kwa miaka 11 kwenda juu, na imeruhusiwa kwa wiki 12. Sisi wa huku inhela na nebulaiza ndo mambo yetu, na zinafanya kazi.

Steroidi si zinavimbisha uso na kuharibu mifupa?

Hizo unazozisema ni vidonge vya prednisoloni vya muda mrefu. Hii ya kupaka umio inaingia kidogo sana kwenye damu. Shida yake kubwa ni fangasi weupe wa mdomoni na kwenye umio, wanatibika. Watoto wanaotumia muda mrefu wapimwe urefu wao kila kliniki. Mimi miaka minne sasa, uso wangu ni uleule.

Kuna sindano nimeisikia, inaponya?

Dupilumabu, jina la dukani Dupixent. Inaziba mlango wa ishara mbili, interlukini 4 na 13, ambazo ndo zinazowasha moto wote. Marekani waliiruhusu kwa EoE Mei 2022, kuanzia miaka 12, halafu Januari 2024 wakashusha mpaka mwaka mmoja kwa mtoto wa kilo 15 na kuendelea. Mtu mzima anachoma kila wiki. Kwenye majaribio kama 6 kati ya 10 vinyama vilisafishika, na hao ni watu ambao PPI ilikuwa imeshashindwa kuwasaidia. Haiponyi, ukiacha ugonjwa unarudi, na bei yake Marekani ni maelfu ya dola kwa mwezi, kwa hiyo kama huna bima ya maana tuiache tu pale juu ya kabati. Kama uko ughaibuni na unakaribia kuianza, waambie ulikulia wapi wakupime minyoo na kichocho kwanza, maelekezo ya dawa yenyewe yanataka minyoo itibiwe kabla.

Upande wa mlo nianze kuacha nini?

Hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1995 madaktari wa Marekani walichukua watoto 10 waliokuwa hawasikii dawa za asidi, wakawaondolea chakula chote, wakawapa maziwa maalumu ya maabara ambayo protini yake imevunjwa mpaka chembe za mwisho. Wanane dalili ziliisha, wawili wakapata nafuu. Ndo ikajulikana kumbe ni chakula! Hiyo njia mpaka leo ndo yenye nguvu kuliko zote, zaidi ya 9 kati ya 10, ila nani ataishi kwa kopo, na ladha yake walioionja wanasema heri uoshe chupa ya dawa unywe.

Zikaja njia za kuacha vyakula sita: maziwa, ngano, mayai, soya, karanga pamoja na korosho na ndugu zake, samaki na vya baharini. Chicago walijaribu kwa watu wazima 50, matokeo yakatoka 2012, karibu 7 kati ya 10 wakapona vinyama. Nzuri. Sasa piga hesabu ya pili: ukishapona unarudisha chakula kimoja, wiki sita hivi, kamera, kingine, wiki sita, kamera. Unaweza kufika kamera saba. Kwa mtu anayelipa mwenyewe hiyo sio diet, hiyo ni kujenga nyumba.

Kwa hiyo siku hizi wanapanda ngazi toka chini. Wahispania walianza na viwili, maziwa na ngano, 43 kwa mia wakawa sawa, walioshindwa wakaenda vinne, jumla ikafika 60, halafu sita, 79. Na 2023 Marekani wakalinganisha watu wazima 129, wengine wameacha maziwa TU wengine vyote sita, baada ya wiki sita 34 kwa mia dhidi ya 40, tofauti haina maana. Kwa hiyo ushauri wangu wa mgonjwa kwa mgonjwa: anza na maziwa, peke yake, kwa ukamilifu, kisha kamera. Ukishindwa ongeza ngano.

Kitu kimoja cha kwetu. Wahispania kwenye vile vinne waliondoa jamii ya kunde yote, Wamarekani wanaondoa soya tu. Mtu wa Dar ukimuondolea maharage, choroko, kunde na mbaazi kwa mpigo, na mayai na maziwa hamna, anabaki na nini mwisho wa mwezi? Muulize daktari au mtu wa lishe kama unaweza kubaki na maharage kwanza.

Maziwa nimeacha lakini bado. Yanajificha wapi?

Chai ya rangi umeizoea, sawa. Halafu? Maandazi yamekandwa na maziwa ya unga. Mkate wa dukani soma pakiti. Siagi, samli kwenye chapati na pilau ya sherehe, mtindi kwenye kuku wa kulowekwa, chokoleti, biskuti, majarini nyingine, viungo vya supu vya paketi. Maziwa ya mbuzi nayo hapana, protini zinafanana. Yale yaliyotolewa laktosi hapana vilevile, tatizo letu ni protini sio sukari yake.

Mtego mkubwa kuliko wote ni uji wa lishe. Mama mmoja alinipigia kwamba mwanae ameachishwa maziwa, soya na karanga miezi miwili na hali ni ileile. Nikamwambia nenda jikoni unisomee mfuko wa unga wa uji. Akaanza, "mahindi, ulezi, mchele, soya..." akanyamaza. Kisha akasema, "Kaka, na karanga zimo."

Ila jikoni kwa Mswahili kuna raha ambayo mzungu hana. Tui la nazi tunalo toka zamani, na nazi kwa kawaida haihesabiwi na korosho. Wali wa nazi, mkate wa kumimina (uliza kama wametia yai), vitumbua vya mchele mtupu, ugali, muhogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, mchicha wa nazi. Bila ngano na bila maziwa unakula vizuri tu, kinachouma ni chapati. Chapati nimeililia kweli.

Si nipime tu aleji ya ngozi wanitajie chakula chenyewe?

Ungekuwa uchawi mzuri. Vile vichomo vya mkononi na vipimo vya damu vya aleji vinashika aleji ya papo kwa hapo, ya midomo kuvimba, EoE inakwenda njia nyingine ya taratibu, kwa hiyo vinakudanganya pande zote mbili. Kuna watu wameacha vyakula kumi na mbili kwa karatasi ya kipimo na umio uko vilevile.

Najisikia fresh kabisa, kwa nini nirudi kwenye kamera?

Hili ndo swali ninaloliogopa. Umio ukikaa kimya haimaanishi umepona. Mimi baada ya wiki kumi za omeprazoli nilikuwa nakula nyama bila maji, nimeshamwambia mke wangu yameisha, daktari akalazimisha kamera, chembe 32. Zimetoka 48 zikaja 32, yaani moto unawaka, moshi tu ndo umepungua. Na kinyume chake pia kipo, vinyama safi lakini bado unakabwa kwa sababu kovu la zamani limebana, hapo kuongeza dawa ni kupoteza muda. Bila kuangalia hutenganishi haya mawili. Nchi nyingine wameanza na kamera nyembamba ya kupitia puani bila usingizi, ikienea huku tutapumua.

Mtoto wangu hakabwi, anatapika tu na hataki kula. Inaweza kuwa hii?

Inaweza. Kwa wadogo inakuja kama kutapika, kukataa chakula kigumu, kulilia tumbo, kutoongezeka kilo, kukabwa kunakuja ukubwani. Usimuachishe vyakula mwenyewe bila mtu wa lishe, mtoto anakua, ukimtoa maziwa lazima ujue kalisiamu na protini zitatoka wapi. Kama samaki hajakatazwa, dagaa wa kuliwa na mifupa yao wanasaidia sana.

Kutanua umio kunauma?

Unalazwa usingizi, wanapitisha puto au kifaa chembamba, wanapanua kidogo kidogo, mara nyingine safari mbili tatu. Kifua kinauma siku moja mbili. Umio kutoboka kunatokea, chini ya mtu 1 kati ya 100. Unafuu unaupata haraka mpaka unashangaa, ila uvimbe haujaguswa, kwa hiyo dawa au mlo vinaendelea.

Nikishakuwa sawa naacha dawa lini?

Huachi, unashuka dozi. Wengi wakiacha ugonjwa unarudi ndani ya miezi. Iweke kundi moja na pumu na presha.

Ramadhani nafungaje?

Daktari wako ajue kwanza, na kama uko kwenye kipindi cha kukwama kwama usijilazimishe, mgonjwa ana ruhusa yake. Kwangu mimi mwezi mtukufu ndo mwepesi kwa dawa: omeprazoli naimeza nusu saa kabla ya daku, na nyingine baada ya kufungulia kwa maji, kisha naswali, nakaa, ndo nakula. Budesonidi moja nikishamaliza daku kabisa, dakika chache kabla ya adhana, hapo hata nikitaka kula siwezi, ya pili kabla ya kulala. Futari ya magimbi na muhogo wa nazi iko salama. Tambi za ngano nawaachia wenyewe. Na tende, wajameni, tende inanata, ukiwa na njaa ya kutwa unaitupia nzima nzima. Itoe kokwa, ichane mara nne, kipande kimoja kimoja na maji. Mwaka juzi mjomba wangu, naye ana EoE, alifungulia kwa tende moja pale Ilala tukaenda kufuturu hospitali.